Msimulizi kichaa kwenye hadithi ya Kigothi: wangu anapiga kelele tu, haogopeshi

Kurasa Nyeusi

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa kiufundi.

Nina rasimu ya hadithi fupi ya Kigothi (zile hadithi za giza, nyumba kuukuu na hofu), maneno kama 3,000, nafsi ya kwanza. Msimulizi ni mtunza hesabu anayeishi na dada yake kwenye nyumba waliyorithi. Anaanza kuamini kwamba kioo cha ukumbini kinachelewa: akiinua mkono, mtu wa kwenye kioo anauinua baadaye kidogo. Kila siku kuchelewa kunaongezeka. Mwishoni anamfungia dada yake chumbani na kuupigilia mlango misumari.

Waliosoma wanasema jambo moja: kufikia aya ya pili wameshajua jamaa ni kichaa, na tangu hapo hawaogopi tena, wanamsubiri amalize. Nimeweka vicheko, alama za mshangao, herufi kubwa, "mimi si kichaa" mara sita, radi, kunguru na damu. Kadiri ninavyozidisha ndivyo hadithi inavyopoa.

Ninayotaka kujua: mabingwa kama Poe wanauonyeshaje wazimu bila kuutangaza? Mwishoni nimwambie msomaji ukweli wa kioo, au nimwache njia panda? Tena kuna shairi ambalo dada aliliandika na msimulizi analikuta mezani. Ushairi wa aina hii unabebaje wazimu ndani ya vina na mizani bila kusikika kama wimbo wa watoto?

Fundi Nathari

Mkuu, msimulizi wako umempa fujo, na kichaa wa Kigothi anaishi kwa utaratibu. Kaa na "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe, iliyotoka Januari 1843, uisome kalamu mkononi. Ni fupi kuliko rasimu yako. Jamaa amemuua mzee anayeishi naye, na anakana wazimu tangu mwanzo, ni kweli, lakini tazama anajitetea kwa kitu gani: kwa hesabu. Usiku saba mfululizo, yapata saa sita, anafungua mlango wa mzee. Anatumia saa nzima kupitisha kichwa tu. Taa imefunikwa, anaifungua kiasi cha mwali mmoja mwembamba, nao unaangukia jicho la mzee. Usiku wa nane kidole gumba kinateleza kwenye kifungio cha bati, mzee anashtuka, na msimulizi anasimama saa nzima bila kutikisa msuli. Sakafuni anang'oa mbao tatu. Saa kumi za usiku polisi watatu wanabisha hodi.

Kila kitu kina idadi na kila tendo lina saa yake. Kitu kimoja tu hakikuhesabiwa: sababu. Anakiri kwamba alimpenda mzee, hakuwahi kutendewa ubaya, dhahabu yake hakuitamani. Kisha anasema, kana kwamba anakisia, labda ni lile jicho. Wazimu umekaa hapo hapo. Mtu anakumbuka idadi ya mbao na hajui ameua kwa nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua rasimu, pigia mstari wa bluu kila sentensi inayojibu "vipi", na mwekundu kila inayojibu "kwa nini". Nyekundu zikiwa nyingi, msimulizi anajichambua mwenyewe, na kichaa anayejichambua amemfanyia msomaji kazi yake yote. Futa nyekundu mpaka zibaki mbili au tatu, na hizo zilizobaki ziwe na shaka: "nadhani", "huenda". Bluu ziongezee vipimo.

"Mimi si kichaa" ibaki moja. Kwa Poe inafanya kazi kwa sababu ni jibu: kuna watu wamekaa mbele ya msimulizi, anawaambia "nyinyi mnasema". Hatuambiwi ni akina nani. Hakimu? Daktari? Amua wewe wako anamwambia nani, kisha usimtaje. Utashangaa jinsi uamuzi huo peke yake unavyonyoosha sauti, kwa sababu mtu anayemweleza daktari hachagui maneno yale yale anayomweleza askari.

Halafu kuna mbegu. Mwanzoni kabisa msimulizi wa Poe anadai kwamba maradhi yamemnoa masikio. Baadaye anasikia mlio kama wa saa ya mfukoni iliyofungwa ndani ya pamba, akasema ni moyo wa mzee, na sisi tunakubali maana mzee yu hai. Mlio ule ule, kwa maneno yale yale, unarudi mzee akiwa chini ya sakafu. Ukichunguza utaona Poe ametaja pia, kwa kupita tu, wale wadudu wa mbao wanaogonga ndani ya ukuta usiku. Una maelezo matatu basi: moyo wa maiti, moyo wa muuaji mwenyewe, au mdudu. Hakuna linalothibitishwa. Mtunza hesabu wako naye apewe kipaji kabla ya ugonjwa: aya ya kwanza aseme, kwa fahari kidogo, kwamba yeye ndiye aliyegundua saa ya ukutani inapoteza dakika 4 kila wiki. Mtu mwenye jicho la namna hiyo akisema kioo kinachelewa, msomaji atamsikiliza.

Sasa lugha. Kiswahili kina kifaa ambacho Poe hakuwa nacho, nacho ni ngeli. Tazama:

*Jicho lilikuwa wazi. Nikalitazama. Likanitazama.*

Hapo msimulizi anatisha kidogo, bado yuko nasi. Ukurasa mmoja baadaye:

*Jicho lilikuwa wazi. Nikamtazama.*

Silabi moja imebadilika, na jicho limekuwa mtu. Upande wa pili mzee anateremka: *mzee alilala, nikamfunika* inakuwa *kizee kililala, nikakifunika*. Kitu kinapanda hadhi ya binadamu, binadamu anashuka kuwa kitu, wala hukutumia neno "wazimu". Kwako ni rahisi zaidi. *Kioo kilichelewa* mara kumi, kisha, ukiwa umepita theluthi mbili za hadithi, *kioo alichelewa*. Usiweke herufi za mlazo, usieleze. Ukipeleka kwa mhariri, mwachie dokezo pembeni, la sivyo atalisahihisha kwa nia njema.

Faida inakuja mwishoni. Kiambishi a- hakisemi ni mwanamume, mwanamke wala kivuli. Kioo kikishapata a-, kila sentensi isiyotaja jina inakuwa na watu wawili ndani yake. *Alikuwa amesimama nyuma yangu.* Nani? *Nikamfungia.* Nani? Hapo kilele chako kimepatikana, na hakihitaji radi.

Jambo dogo la mwisho: mnyororo wa -ka-. *Nikafungua, nikaingia, nikasubiri* ni sauti ya mtu aliyetulia anayetoa taarifa. Uache mnyororo uendelee sawasawa hata anapofanya jambo baya. Ukikatika kwa mshangao pale pale kwenye tendo, umemwambia msomaji ashtuke, na msomaji aliyeambiwa ashtuke hashtuki.

Mhariri wa Zamu

Nakubaliana na Fundi isipokuwa kwa tahadhari moja kuhusu ngeli. Watu wengi huchanganya upatanisho katika mazungumzo ya kila siku, kwa hiyo msomaji anaweza kudhani mwandishi amepitiwa. Dawa yake ni kumjengea msimulizi sifa ya usafi mapema. Kurasa za mwanzo ziwe na sentensi ndefu zenye upatanisho usio na doa, mfano: *Vitabu vyangu vyote vitatu vilivyofungwa kwa uzi mweusi viko pale pale nilipoviweka.* Mtu aliyeandika hivyo hakosei ngeli. Akikosea, msomaji atajua kuna kitu kimevunjika.

Kuhusu radi, kunguru na damu: chagua kimoja, au usichague chochote. Katika "The Fall of the House of Usher" (1839) dhoruba ipo, ila inakuja usiku wa mwisho tu. Kurasa zote kabla yake zimejaa ukimya, ziwa lisilotikisika na ufa mwembamba ukutani, ambao msimulizi anautaja mara moja na kuendelea na safari yake. Ufa huo ndio unaoangusha nyumba.

Hadithi hiyo inakupa pia njia nyingine ya kusimulia, ya shahidi mwenye akili timamu. Roderick Usher ndiye mgonjwa: mwanga unamuumiza, harufu za maua zinamlemea, muziki anaouvumilia ni wa ala za nyuzi tu. Rafiki yake anatazama na kuripoti. Lakini siku zinavyopita rafiki naye anaanza kukosa usingizi, naye anaanza kusikia. Na ni Roderick, katika dakika za mwisho, anayemgeukia msimulizi na kumwita *yeye* mwendawazimu. Neno limebadilisha mwenyewe. Kama nafsi ya kwanza ya mgonjwa itakushinda, jaribu kumpa dada kalamu.

Msomaji wa Machweo

Niingie kwenye swali la pili, maana limegawanya waandishi wa Kigothi tangu mwanzo. Horace Walpole alipotoa *The Castle of Otranto* mwishoni mwa 1764 hakuhangaika kueleza: kofia ya chuma ya kutisha kwa ukubwa inamponda bwana harusi, na maisha yanaendelea. Matthew Lewis katika *The Monk* (1796) alifuata njia hiyo kwa ukali zaidi, shetani anaonekana waziwazi. Ann Radcliffe alikwenda kinyume. Katika *The Mysteries of Udolpho* (1794) kila kioja kinapata maelezo ya kawaida. Kile kilichomzimisha Emily, mhusika mkuu, nyuma ya pazia jeusi kinakuja kuwa sanamu ya nta. Maelezo yanachelewa mno, mamia ya kurasa, hofu ikiwa imeshapoa, na wengi hujihisi wamepunjwa. Hiyo ndiyo hatari ya kueleza. Bado Radcliffe ndiye aliyetuachia tofauti bora kuliko zote, katika insha iliyochapishwa 1826 baada ya kifo chake: kuna hofu ya jambo lisiloonekana vizuri, ambayo inapanua roho na kuamsha hisi zote, na kuna kitisho cha jambo lililokwisha kuonekana, ambacho kinagandisha. Damu yako iko upande wa kugandisha. Kioo chako kiko upande wa kupanua. Usiviweke ukurasa mmoja.

Njia panda inayodumu hujengwa kwa ushahidi, haiji kwa kunyamaza tu. Angalia *The Turn of the Screw* ya Henry James (1898). Yaya anaona wafu. Pale ziwani anamwonyesha Bi Grose, msimamizi wa nyumba, mzimu wa mwanamke, na Bi Grose haoni kitu: huo ni ushahidi wa wazimu. Lakini awali yaya alikuwa amemweleza mwanamume asiyemjua, nywele nyekundu, kichwa wazi bila kofia, na Bi Grose akamtambua mara moja kuwa ni Peter Quint aliyekufa: huo ni ushahidi wa mzimu. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson alishikilia kwamba mizimu imo kichwani mwa yaya, na ubishi haujaisha hadi leo, kwa sababu James ameweka uzito pande zote mbili za mizani.

James Hogg alilifanya hilo mapema, 1824, kwa njia ninayoipenda kuliko zote. *The Private Memoirs and Confessions of a Justified Sinner* inasimulia matukio yale yale mara mbili: kwanza mhariri, kisha muuaji mwenyewe. Muuaji ana rafiki, Gil-Martin, anayeweza kuvaa sura ya mtu yeyote. Ungemwita ndoto ya kichaa, ila katika sehemu ya mhariri kuna mashahidi wengine waliomwona.

Kwako basi: tukio moja ambalo kioo cha kweli ndicho pekee kinacholieleza, na tukio moja ambalo wazimu ndio pekee unaolieleza, na yasikae karibu. La kwanza: dada, bila kuambiwa lolote, amekifunika kioo kwa shuka. La pili unalo tayari kutoka kwa Fundi. Msimulizi anapima kuchelewa kwa kioo kwa kutumia saa. Saa ipi? Ile ile aliyosema inapoteza dakika 4 kwa wiki. Usilitamke. Atakayelikumbuka atakosa usingizi.

Na ukitaka kuona kitu kinavyotangulia maana yake, soma "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman (1892). Mwanamke amewekwa chumba cha juu ili apumzike. Anaona nondo za chuma madirishani na pete kutani, anasema bila shaka palikuwa chumba cha watoto. Kitanda kimepigiliwa sakafuni. Ukutani, chini kabisa, kuna alama ndefu ya kitu kilichosuguliwa kuzunguka chumba chote, hajui imetokana na nini. Mwisho anatambaa kuzunguka chumba, na bega lake linakaa sawasawa ndani ya alama ile. Hakuna sentensi inayoeleza. Gilman mwenyewe alitibiwa 1887 na daktari Silas Weir Mitchell kwa tiba ya kulazwa na kupumzishwa, akaambiwa kazi ya akili isizidi saa mbili kwa siku na asiguse tena kalamu wala brashi. Mwaka 1913 aliandika waziwazi kwamba hadithi hiyo ililenga kuzuia watu wasipelekwe kwenye wazimu kwa njia hiyo. Giza la hadithi ile lina anwani, ndiyo maana halichakai.

Kina cha Mwisho

Shairi, basi. Wimbo wa watoto unatokea pale kina kinapokuja mahali kinapotarajiwa na kuleta neno linalotarajiwa. Ushairi wa giza unakihifadhi kina mahali pake, ila unaleta neno lisilostahili kuwa pale.

Robert Browning alilifanya hivi katika shairi linaloitwa sasa "Porphyria's Lover", la 1836. Mishororo 60, vina vya ABABB mara 12, urari thabiti kama wa saa. Baadaye, 1842, aliliweka pamoja na jingine chini ya kichwa kinachotaja seli za nyumba ya vichaa, ila ndani ya shairi lenyewe neno hilo halimo. Mwanamume anaeleza alivyoshikwa na upendo, akauzungusha ushungi wa nywele za mpenzi wake mara tatu shingoni mwake, akamnyonga. Tendo lenyewe halipati hata mshororo mzima. Mistari mishata, ile ambayo maana yake inavuka kwenda mstari unaofuata, inalibeba na kulipitisha, na kina kinafika kwa wakati kana kwamba hakuna kilichotokea. Umbo halikushtuka. Msomaji peke yake ndiye anayeshtuka.

"The Raven" ya Poe (1845) inatufaa kwa sababu ya karibu zaidi. Ina beti 18 za mishororo 6, jumla 108. Mshororo wa kwanza na wa tatu wa kila ubeti una silabi 16, umekatika katikati 8 kwa 8, na una kina cha kati. Mtu aliyelelewa na tarbia atajisikia yuko nyumbani, isipokuwa kwamba kwa Poe kina cha kati kinafanana na cha mwisho wa mshororo ule ule, wakati sisi cha kati kinashuka ubeti mzima. Mshororo wa sita ni mfupi, silabi 7, na ndio unaobeba kiitikio. Kuanzia ubeti wa 8 hadi wa 18 unaisha kwa neno lile lile moja lenye maana ya "kamwe, haitakuwa tena".

Poe alieleza utaratibu wake katika insha ya 1846. Anasema alitafuta kiitikio cha neno moja, akakipata, ndipo akatafuta kiumbe kisicho na akili kinachoweza kulirudia. Alimfikiria kasuku kwanza, kisha kunguru. Jambo kubwa liko hapa: ndege hana jibu jingine, na muulizaji anajua. Maswali yanaanza kwa mzaha, yanaishia kwenye maswali ambayo jibu lake litamchana moyo, naye anauliza makusudi ili achanwe. Wazimu haumo kwenye kiitikio. Umo kwenye anayekichokoza.

Kwa kibwagizo cha Kiswahili, kanuni inakuwa hivi: maneno yasibadilike hata nukta, abadilike anayeyasema au mahali anaposimama. Mfano wa haraka, mizani 8 kwa 8, vina -ka na -sha. Ubeti wa kwanza:

*Taa yangu yazimika, usiku haujakwisha,*
*Upepo umekatika, ukimya unanitisha,*
*Kitini nimeinuka, sauti yanikumbusha,*
*Mlango umefungika, ni nani anayebisha?*

Na wa mwisho:

*Mkono wachubulika, maumivu yanichosha,*
*Damu mbaoni yashuka, kugonga sijakomesha,*
*Ndani mtu aitika, sauti yanikumbusha,*
*Mlango umefungika, ni nani anayebisha?*

Kwanza yuko ndani na anauliza. Mwisho yuko nje, anagonga, na sauti ya ndani ndiyo inayouliza. Nayo inamkumbusha mtu, maana ni yake. Kati ya beti hizo mbili weka nyingine mbili, zisizidi tatu. Zikizidi, msomaji wa hadithi ataruka. Epuka guni hapa: dada akivunja mizani atasomeka kama asiyejua kutunga, na hofu itahamia kwenye ufundi.

Ukihitaji mfano wa shairi lililo tayari ndani ya hadithi, ni "The Haunted Palace", lililowekwa ndani ya Usher. Beti 6 za mishororo 8. Linaonekana kueleza jumba la mfalme, lakini ni kichwa cha mtu: bendera za njano juu ya paa ni nywele, madirisha mawili yenye nuru ni macho, mlango wa lulu na yakuti ni meno na midomo. Baada ya msiba madirisha yanakuwa mekundu na kinachotoka mlangoni ni kundi linalocheka lakini halitabasamu. Shairi linakaa katikati ya hadithi, kabla ya anguko, na linasema yote. Nawe la dada lisiwekwe mwishoni. Liweke kabla msomaji hajajua anapaswa kuliogopa.

Wino wa Usiku

Niongeze kuhusu dada, kwa sababu naona anasahaulika kama wanawake wengi wa fasihi hii. Katika *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë (1847) Bertha Mason amefungiwa ghorofa ya juu, anacheka, ananguruma, anauma, na hatusikii neno lake hata moja. Maisha yake tunasimuliwa na mume aliyemfungia. Mwaka 1966 Jean Rhys, katika riwaya ya *Wide Sargasso Sea*, alimrudishia sauti na jina, Antoinette, na tangu hapo hakuna anayeisoma ile ghorofa kwa utulivu ule wa zamani. Wilkie Collins naye, katika *The Woman in White* (1859–60), anamwingiza mwanamke mwenye akili timamu kwenye hospitali ya vichaa kwa jina la mwingine, na kinachotisha ni wepesi wa jambo lenyewe. Kwa hiyo kabla hujapiga msumari wa kwanza, mpe dada sentensi tatu au nne zenye akili, zisizohusu kioo. Bei ya mafuta ya taa, barua ya kujibiwa. Tukijua anavyofikiri, mlango ukifungwa utatuuma.

Halafu chagua maneno kwa uangalifu, kwa sababu Kiswahili kinaweka sababu ndani ya jina. Ukisema *amepagawa* umeshakubali kuna pepo. *Mgonjwa wa akili* umeita daktari. *Amerukwa na akili* hudai chanzo chochote, *mwehu* unamdharau tu. Mfanye jirani aseme "amepagawa", daktari aseme "anaugua", na dada aseme "amechoka". Una nadharia tatu bila msimulizi kueleza lolote. Ugonjwa wenyewe usiutaje kwa jina la kitabibu. Poe alipolitaja, katika "Berenice" (1835), alitumia istilahi ya madaktari wa wakati wake, monomania, yaani akili iliyonasa kwenye kitu kimoja. Na hata hapo kinachokaa kichwani ni kile kisanduku kinachopasuka na vitu vidogo vyeupe 32 vinavyotawanyika sakafuni. Watu wengi wanaougua akili hawamdhuru mtu. Hadithi ikimfanya mtu atishe kwa sababu tu anaumwa, imekosea kwa wagonjwa na imekosea kisanaa pia.

Kurasa Nyeusi

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu nilikuwa nakata. Vicheko, kunguru na radi vimeondoka. Sehemu ya katikati sasa ni hii:

*Jumatatu kilichelewa kiasi cha kupepesa jicho. Nikaandika. Jumatano kilichelewa kiasi cha kutamka moja. Nikaandika. Dada akapita nyuma yangu na kapu la nguo, na ndani ya kioo ukumbi ulikuwa mtupu. Nikahesabu hadi nne ndipo akaonekana akipita. Nikaandika nne. Ijumaa nikamsubiri. Alipofika alikuwa na kalamu mkononi, nami yangu nilikuwa nimeshaiweka chini.*

Ngeli imeruka kwenye "nikamsubiri". Inatosha?

Fundi Nathari

Imekaa vizuri sana mkuu, hiyo kalamu ya mwisho imenigusa. Rekebisha mawili. Dada ametajwa sentensi tatu nyuma, kwa hiyo "nikamsubiri" inasomeka kama unamsubiri yeye, na mruko wa ngeli unapotea bila mtu kuuona. Jina la kitu linahitajika karibu: *Ijumaa nikakaa mbele ya kioo, nikamsubiri.* Utata kati ya dada na kioo uutunze kwa ajili ya ukurasa wa mwisho. "Nikaandika" mara ya tatu iondoe, acha *Nne.* peke yake. Mtunza hesabu akishaanza kuandika tarakimu bila kitenzi tunaona mkono wake ulivyozoea.

Kuhusu misumari. Ukurasa wa kwanza, anapojisifu kwa daftari lake, weka mstari mmoja chini ya matengenezo: misumari 24. Mlangoni mwa dada apigilie 12, aihesabu mmoja mmoja kama alivyohesabu kila kitu. Ile 12 mingine usiitaje tena popote. Hakikisha tu kwamba mapema, pale anapokieleza kioo, umesema kina fremu ya mbao.